Je, Wajua? Presha Yako Haitulii Hata Pigo Moja

Je, wajua kwamba ile namba uliyoandikiwa kwenye daftari la kliniki ilikuwa imeshapitwa na wakati kabla hujafika getini? Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na kila pigo huja na presha yake. Nesi akikufunga mkanda, akapuliza, akasikiliza, anachopata ni habari ya mapigo machache tu kati ya hayo laki moja. Yaliyobaki yamepita bila shahidi.

Safu ya leo ni ya hayo yaliyobaki, na ya watu waliohangaika kuyaona yote, moja baada ya jingine, bila kumtoboa mtu.

Je, wajua kwamba pigo lilisomwa karne nyingi kabla ya kupimwa? Herophilos, tabibu wa Alexandria huko Misri, aliyeishi karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyahesabu mapigo ya wagonjwa kwa saa ya maji. Ibn Sina, katika al-Qanun, alilichambua pigo kwa sifa 10: ukubwa wake, kasi yake, ulaini wa mshipa, mpangilio wake na kadhalika. Vidole vya matabibu hao vilijua mengi. Walichokosa ni namba, na bila namba huwezi kulinganisha presha ya jana na ya leo.

Je, wajua kwamba mtu aliyeipima presha kwa mara ya kwanza alikuwa kasisi? Anaitwa Stephen Hales, wa Teddington, karibu na London, na kitabu chake kilitoka mwaka 1733. Alimlaza chali farasi jike, akamfunga barabara, akaingiza bomba la shaba kwenye ateri ya paja, kisha akaliunganisha na bomba la kioo lenye urefu wa futi 9. Katika majaribio hayo alitumia hata koromeo la bata bukini kama kiungo, maana mpira wa kuunganishia haukuwapo. Damu ikapanda kiooni hadi futi 8 na inchi 3, yaani mita 2 na nusu. Farasi hakupona.

Mimi kinachonigusa zaidi si urefu huo. Hales aliandika kwamba damu haikutulia pale juu: ilipanda na kushuka inchi kadhaa kwa kila pigo la moyo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kabisa cha presha duniani kilikuwa cha mfululizo. Namba moja ya kuandika daftarini ilikuja baadaye sana, tena kwa sababu ya urahisi.

Je, wajua kwa nini presha hupimwa kwa milimita za zebaki? Kwa sababu ya bomba hilohilo. Nani atabeba bomba la futi 9 hadi kitandani kwa mgonjwa? Mwaka 1828, Mfaransa Jean Poiseuille alitumia zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji mara 13.6, na bomba likafupika likawa la kuwekwa mezani. Zebaki yenyewe sasa inaaga. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako sumu ya zebaki iliangamiza watu, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipimo vya presha vya zebaki. Vyenyewe vinaondoka, kizio chao kinabaki.

Je, wajua kwamba mwaka 1860 tayari palikuwa na kifaa cha kuvaa mkononi kilichochora mapigo? Étienne-Jules Marey, Mfaransa mwingine, alifunga kijiti chepesi juu ya ateri ya kifundo cha mkono. Mshipa ulipotuna, kijiti kiliinuka na kuchora wimbi kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Umbo la wimbi lilikuwa zuri kweli. Ila namba hakuna: wimbi lilionyesha kwamba presha imepanda, halikusema imepanda kutoka ngapi hadi ngapi.

Miaka 36 baadaye mambo yakageuka. Mwaka 1896, huko Turin, daktari Scipione Riva-Rocci alitengeneza mkanda wa kubana mkono kwa vitu vya nyumbani: mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kidau cha wino, bomba la shaba na zebaki kidogo. Alipuliza mpaka pigo la kifundoni likapotea, akasoma namba. Basi watu wakapata namba, wakalipoteza wimbi. Tangu siku ile, kazi yote ya fani hii imekuwa kuvirudisha hivyo viwili vikae pamoja.

Je, wajua kwamba mkanda ule wa kwanza ulikuwa mwembamba mno? Ulikuwa na upana wa sentimita 5 tu. Mkanda usiotosha mkono hutoa namba kubwa kuliko ukweli, na kosa hilo halijaisha hadi leo: mtu mwenye mkono mnene akifungwa mkanda wa mtu mwembamba, anaweza kurudi nyumbani na ugonjwa asiokuwa nao. Ukiona mkanda unafunguka wenyewe ukipulizwa, omba mkubwa. Si utovu wa adabu.

Riva-Rocci alipata namba ya juu tu. Ya chini ililetwa na sikio la daktari wa upasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905. Taarifa yake, aliyoisoma mbele ya madaktari wa St. Petersburg, haikuzidi ukurasa mmoja. Alisema hivi: weka kifaa cha kusikilizia chini ya mkanda, legeza taratibu; sauti ya kwanza ni presha ya juu, zikinyamaza ni ya chini. Ukurasa mmoja, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado ndio tunaoufuata.

Je, wajua kwamba mashine ya kujipuliza yenyewe, ile ya dukani yenye kioo cha namba, haisikilizi sauti hizo kabisa? Inahisi mtikisiko wa hewa ndani ya mkanda. Mtikisiko huwa mkubwa zaidi mkanda unapofikia presha ya wastani. Hiyo ya wastani ndiyo mashine inayoipima hasa. Ya juu na ya chini inazikokotoa kwa kanuni ambayo kila mtengenezaji ana ya kwake, na wengi hawaitoi hadharani. Mashine ya kwanza ya namna hii iliyoenea hospitalini, Dinamap, ilitokea mwaka 1976 na mwanzoni ilionyesha wastani peke yake. Ilikuwa na ukweli zaidi kuliko watoto wake.

Je, wajua nani wanaoihitaji presha ya kila pigo? Madaktari wa usingizi ni wa kwanza. Mgonjwa akiwa mezani, mkanda hupima kila baada ya dakika 3 hadi 5. Dakika 5 kwa moyo wa mapigo 70 ni mapigo 350 ambayo hakuna aliyeyaona. Tafiti nyingi zimehusisha presha ya wastani iliyoshuka chini ya 65 wakati wa upasuaji na madhara ya figo na misuli ya moyo, na kushuka huko kunaweza kuanza na kukolea katikati ya vipimo viwili.

Wa pili ni mama anayejifungua kwa upasuaji. Sindano ya ganzi ya mgongoni hulegeza mishipa ya nusu ya chini ya mwili, damu ikakaa miguuni, presha ikaporomoka ndani ya dakika chache. Mara nyingi mama mwenyewe ndiye kengele ya kwanza: anasema anasikia kichefuchefu, au kizunguzungu, kabla mkanda haujamaliza kujaa. Daktari wa usingizi mzoefu humtazama uso kuliko anavyotazama monita.

Njia ya uhakika ipo tangu zamani: kanula, yaani kibomba chembamba, ndani ya ateri ya kifundo cha mkono, iunganishwe na monita, na wimbi lote la presha litiririke kwenye kioo pamoja na namba zake. Kwenye chumba cha wagonjwa mahututi ni jambo la kila siku. Lakini ateri si vena. Ikitobolewa inavuja kwa nguvu, inaweza kuziba, inaweza kuingiza vijidudu, na inahitaji mtu wa kuilinda usiku na mchana. Humwekei mtu kanula ya ateri kwa sababu tu ana miaka 55 na kichwa kinamuuma.

Ingawa huko Oxford waliwawekea watu wasiougua! Mwaka 1969 Bevan, Honour na Stott walichapisha rekodi za watu waliotembea na kanula ya ateri na kinasa kidogo, wakala, wakafanya kazi, wakalala. Mchoro wao mmoja umezunguka vitabuni miaka yote hii. Presha inashuka sana usingizini, inaruka mtu alipochomwa pini, na inaruka tena katika tendo la ndoa. Naam, huku kinasa kikiendelea. Sayansi ina wafia dini wa aina nyingi.

Je, wajua presha ya binadamu inaweza kufika wapi bila kumuua? Mwaka 1985 watafiti wa Kanada walipima kwa kanula watu wanaonyanyua vyuma. Waliposukuma uzito kwa miguu miwili, wastani wa kundi ulifika 320/250. Mmoja alipita 480/350. Kwa sekunde chache tu, pumzi ikiwa imebanwa. Mkanda wa kawaida usingeweza hata kuanza kupuliza kabla mambo hayo hayajaisha.

Sasa tufike kwa bwana ambaye ningependa jina lake lijulikane kama la Korotkov: Jan Peñáz, mwanafiziolojia wa Brno, katika Jamhuri ya Cheki ya leo. Mwaka 1973, kwenye mkutano mjini Dresden, alieleza namna ya kupata wimbi na namba kwa pamoja, kwenye kidole, bila sindano.

Chukulia mtu yuko ndani ya chumba anausukuma mlango, na wewe uko nje. Unataka kujua anasukuma kwa nguvu kiasi gani, na huwezi kumwona. Sukuma kutoka nje kiasi cha kuufanya mlango usisogee hata unywele. Akizidisha, zidisha, akilegeza, legeza. Mlango ukibaki palepale, nguvu yako ndiyo nguvu yake. Peñáz alifanya hivyo kwa ateri ya kidole. Mlango ni ukuta wa ateri. Mlinzi anayeuchungulia mlango ni mwanga wa infraredi unaopenya kidole: damu ikiongezeka, mwanga unaofika upande wa pili unapungua. Na mkono wa nje ni kimkanda kidogo kinachojazwa na kupunguzwa hewa kwa kasi ya ajabu. Mashine za leo hurekebisha hadi mara 1,000 kwa sekunde. Andika presha ya kimkanda hicho na umeandika presha ya ateri, pigo kwa pigo.

Wazo lilikuwa la Peñáz, lakini waliolifanya litumike kitandani kwa mgonjwa ni Waholanzi, kundi la Karel Wesseling, na kifaa chao kikaitwa Finapres. Wesseling aligundua kwamba ateri ya kidole hubadili tabia kila mara, mara inakaza, mara inalegea, kwa hiyo mashine lazima isimame kidogo kila baada ya mapigo kadhaa ijiulize upya mlango unatakiwa ukae wapi. Maana yake ni kwamba hata kipimo kinachoitwa cha mfululizo hupepesa jicho. Ukikiona kwenye kioo, wimbi linakatika ghafla, linakuwa ngazi, kisha linaendelea. Wageni hudhani imeharibika.

Je, wajua kasoro zake? Kidole kinachobanwa muda mrefu hugeuka rangi ya zambarau na kufa ganzi, kwa hiyo mashine nyingine hubadilishana vidole viwili. Mikono ikiwa baridi, ateri ndogo hujifunga na mashine haioni kitu; mgonjwa aliyepoteza damu nyingi, ambaye ndiye anayehitaji kipimo kuliko wote, ndiye mwenye vidole baridi kuliko wote. Wimbi pia hubadilika umbo likisafiri kutoka begani hadi kidoleni, hivyo namba hupitishwa kwenye hesabu ili zifanane na za mkono. Na bei yake haijasogelea hospitali nyingi za wilaya.

Kuna kasoro nyingine ambayo ni darasa zuri la fizikia. Kidole kikiwa chini ya moyo kwa sentimita 10, presha yake huzidi kwa karibu milimita 8. Kikiwa juu kwa kiasi hicho, hupungua vivyo hivyo. Inua mkono wako sentimita 40 juu ya moyo na 120 yako itasomeka karibu 90. Hujapona, umeinua mkono tu. Ili kurekebisha hilo, baadhi ya mashine hizi zina kijirija chembamba chenye kimiminika, upande mmoja kidoleni, upande wa pili kifuani. Bomba la Hales limerudi, dogo na laini.

Mahali pekee pasipohitaji marekebisho hayo ni angani. Kipimo cha kidole cha aina hii kimetumika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambako juu na chini hazina maana, na mwanaanga anaweza kuweka mkono popote apendapo.

Je, wajua kwa nini watu huanguka gwaride likiwa limesimama juani, au huona nyota wakiinuka kitandani? Ukisimama, damu isiyopungua nusu lita hushuka miguuni na tumboni. Kwa watu wengine presha ya juu huporomoka zaidi ya 40 ndani ya sekunde 15 za kwanza, kisha mwili unaidaka na kuirudisha. Mkanda unapomaliza kujipuliza, kila kitu kimesharudi mahali pake, na mgonjwa anaambiwa yuko sawa. Kwa miaka mingi watu hao waliitwa waoga au wenye mawazo. Kipimo cha kidole kiliwatetea: pale kwenye kioo shimo linaonekana wazi, lenye kingo.

Ukiwa na kifaa hicho kidoleni utaona mengi ya bure. Ukivuta pumzi presha inashuka kidogo, ukiitoa inapanda. Kila baada ya sekunde 10 hivi kuna wimbi jingine refu na la polepole, jina lake mawimbi ya Mayer, ambalo mwili hujipigia wenyewe bila kukuuliza. Ukijikamua chooni inaruka, inaanguka, inaruka tena. Ukizungumza, inapanda. Ndiyo maana nesi anasema, "Tulia mzee, usiongee kwanza."

Je, wajua kwamba kuna njia ya kuibana ateri nusu tu? Daktari wa macho hupima presha ya jicho kwa kulibonyeza mpaka sehemu ndogo iwe bapa. Mwaka 1963 Pressman na Newgard walipeleka hila hiyohiyo kwenye ateri ya kifundo cha mkono, ambayo bahati nzuri ina mfupa nyuma yake wa kuikingia. Ateri ikiwa bapa juu, sensa inayoikalia inahisi presha ya ndani. Njia ni tamu, lakini sensa ikisogea milimita chache tu umepoteza kila kitu, na wagonjwa husogea.

Njia inayotupeleka kwenye saa za mkononi ni nyingine kabisa, na ina umri mkubwa kuliko mkanda. Mwaka 1878 Waholanzi Moens na Korteweg waliandika uhusiano wa ugumu wa mrija na kasi ya wimbi linalopita ndani yake. Usichanganye wimbi na damu: damu ndani ya ateri kuu husafiri chini ya mita 2 kwa sekunde hata inapoenda mbio, ilhali wimbi la pigo hukimbia mita 5 hadi 15 kwa sekunde. Ni kama foleni ya watu waliosimama, wa nyuma akisukuma: msukumo unafika mbele kabla mtu yeyote hajapiga hatua. Presha ikipanda, ukuta wa ateri unakazika, wimbi linakimbia zaidi. Basi pima muda kati ya moyo kupiga na wimbi kufika kidoleni, na umepata dalili ya presha.

Dalili, si presha. Ateri hukazika pia kwa uzee, kwa kisukari, kwa baridi. Mishipa ya babu wa miaka 70 na mjukuu wake inaweza kuwa na presha moja na kasi mbili tofauti. Kwa hiyo saa lazima kwanza iambiwe na kipimo kingine: "Leo, kwa mtu huyu, kasi hii ni 128/82." Kuanzia hapo inakisia kupanda na kushuka. Siku zikienda, makisio yanapotea njia, na inabidi iambiwe tena.

Je, wajua kwamba Korea Kusini iliidhinisha mwaka 2020 saa ya Samsung ya kukadiria presha, na mwenye saa anatakiwa kuisawazisha kwa mkanda kila baada ya siku 28? Wanunuzi wengi hawajui habari ya mkanda huo mpaka wafike nyumbani. Ama zile saa za bei poa zinazotoa namba ya presha papo hapo, bila kusawazishwa na chochote, jaribu kitu kimoja: panda ngazi mbio, vaa, soma. Kisha lala nusu saa, soma tena. Zikikupa 118/76 mara zote mbili, zina adabu tu, hazina habari.

Hili si dogo. Programu moja ya simu, Instant Blood Pressure, iliuzwa kwa maelfu mengi ya watu: unaweka simu kifuani na kidole kwenye kamera. Watafiti walipoijaribu mwaka 2016, karibu watu 8 kati ya 10 waliokuwa na presha ya juu waliambiwa na simu kwamba hawana. Mwaka huohuo mamlaka ya biashara ya Marekani ilimfikia mwenye programu. Mtu anayeambiwa ana presha asiyo nayo hupata wasiwasi. Anayeambiwa hana ile aliyo nayo huacha dawa.

Mwaka 2022 jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa presha ilisema wazi kwamba vifaa visivyo na mkanda visitumike kugundua ugonjwa wala kupanga dawa, na mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2024 ukakaa upande huohuo.

Je, wajua kwamba rangi ya ngozi inaingia kwenye hesabu? Saa nyingi hutumia mwanga wa kijani, na melanini hunywa mwanga wa kijani kwa ulafi kuliko infraredi. Onyo tumeshalipata kwa jamaa wa karibu wa vifaa hivi, kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole: mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kifaa kilichojaribiwa kwa ngozi moja kinauzwa kwa ngozi zote. Muuzaji akikuambia saa yake ni sahihi, muulize ilijaribiwa kwa nani. Na kwa akina dada wa pwani: rangi ya kucha na hina nyeusi huweza kuzuia mwanga. Manesi wanaokuomba uzitoe kabla ya upasuaji hawana wivu.

Kati ya mkanda wa mara moja na wimbi la kila pigo kuna njia ya katikati, mashine ya saa 24. Unafungwa mkanda mkononi na kimashine kiunoni, kinapima kila dakika 15 hadi 30, mchana na usiku. Si ya mfululizo hata kidogo, lakini inaona kile ambacho kliniki haiwezi kukiona: usingizi. Kwa kawaida presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, na wale ambao haishuki wako hatarini zaidi, hata kama namba zao za mchana zinapendeza.

Niliwahi kuivaa. Saa nane usiku ilivimba kwa mara ya kumi na ngapi sijui, ikanguruma kama pikipiki ya mbali. "Baba Asha," akasema mwenzangu gizani, "hilo dude lako linalala saa ngapi?" Asubuhi daktari alitazama karatasi akaniuliza kilitokea nini saa nane na dakika tano, mbona namba imeruka. Nilimwambia nilikuwa na mazungumzo. Hapo utaona udhaifu wa mkanda: unakuamsha, halafu unakupima ukiwa umeamka, halafu unaandika kwamba hulali vizuri. Kwa usiku, kuliko mahali pengine popote, kipimo kisichobana kingekuwa neema.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili? Mwaka 1929 daktari Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo upande wa Ziwa Victoria, Kenya, alichapisha vipimo vya watu 1,000. Aliona kwamba presha yao, badala ya kupanda na umri kama ya Wazungu, ilishuka baada ya miaka 40. Miaka 61 baadaye, mwaka 1990, watafiti waliowafuata Wajaluo waliohama kijijini kwenda Nairobi walionyesha upande wa pili: ndani ya miezi michache tu mjini presha ilikuwa imepanda kuliko ya ndugu zao waliobaki, na chumvi kwenye mkojo imeongezeka. Wote hawa walipimwa kwa mkanda, mara moja moja. Presha zao za usiku, kwenye vyumba vya kupanga vya Nairobi, hakuna aliyeziona.

Je, wajua mwenye presha ya kutisha kuliko wote huku kwetu? Ni twiga. Ili damu ifike kichwani, juu ya shingo ya mita 2, moyo wake husukuma kwa presha karibu mara mbili ya yetu, na kwake huo ndio uzima. Mwaka 1966 jarida la Science lilichapisha presha za twiga wa porini, zilizotumwa kwa redio huku wanyama wakitembea na kuinama watakavyo. Kwa hiyo twiga alipimwa kila pigo, akiwa huru mbugani kwake, miaka mitatu kabla ya wale watu wa Oxford.

Na tukirudi kwetu binadamu, je, wajua kilichomo ndani ya boksi la Aktiia, bangili ya Uswisi ya kufuatilia presha mchana na usiku bila kubana? Bangili yenyewe, chaja, na mkanda wa kupuliza wa kufunga juu ya kiwiko. Bangili haifanyi kazi kabla ya kuanza na mkanda huo.